Sahani ya Mwinyimvua

Wazo la kuwatembeza wageni katika nyumba za kale za Mtaa wa Mabaraza lilikuwa la Mwalimu Agapiti, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa wazo zuri. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, Mmatengo aliyeletwa Kibiti kufundisha historia, akaupenda mji kuliko wengi waliozaliwa humo. Jioni alikuwa akipita mtaani anagusa kuta za watu. Aliuliza boriti hii ilikatwa mto gani huko delta ya Rufiji, chokaa hii aliichoma nani, mlango huu ulichongwa lini, mpaka wengine wakadhani ametumwa na serikali kuja kuwatafutia kodi mpya. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anatafuta kitu cha kuuza. Huyu mitumba, yule soda za kopo, mwingine kageuza chumba cha marehemu mama yake kuwa gesti. Mwalimu naye akasema Kibiti inaweza kuuza ukale wake. Siku ya Idi pili watu wa Dar es Salaam hawajui pa kwenda. Waletwe na basi dogo, wapitishwe nyumba hadi nyumba, kila mwenye nyumba awaonyeshe jambo moja la kwao, wale vizuri, warudi makwao wamefurahi.

Aliyelidaka wazo hilo ni Mfaume, mwenye meza ya mitumba pale kituo cha mabasi. Hakupoteza muda, akaenda moja kwa moja kwa dada yake Mwanabibi, kwa sababu matembezi ya nyumba za kale Kibiti bila Jumba la Boriti yangekuwa kichekesho, na Jumba la Boriti lilikuwa la Mwanabibi.

Mwanabibi alikuwa mjane wa makamo, mwenye mwendo wa taratibu na ulimi usiotaka mchezo. Jumba alizaliwa humo, baba yake alizaliwa humo, na bibi yake, Bibi Faida, alifia humo mikononi mwake. Mtaa mzima ulijua kwamba lilijengwa na Mwinyimvua, tajiri wa zamani aliyekuwa akipeleka boriti za mikoko Arabuni, na mtaa mzima ulijua kwamba Mwanabibi ni kitukuu cha tajiri huyo. Basi alitembea kama kitukuu cha tajiri, hata alipokuwa anatoka shambani bondeni na jembe begani na tope magotini. Wakimwita "mwana wa Jumba" alikuwa anaitika bila kugeuka, maana kugeuka upesi ni tabia ya watu wadogo.

Lakini mwaka ule hakuwa na raha. Mfanyabiashara mmoja wa Dar alikuwa amekuja mara kwa mara kuomba auziwe Jumba alivunje, ajenge gesti yenye baa. Mwanabibi alimjibu kwamba nyumba ya babu haiuzwi, labda afe yeye. Kisha ukaja uvumi kwamba viwanja vya karibu na barabara vitapimwa, na kila mwenye nyumba ataulizwa yumo humo kwa haki gani. Usingizi ukamruka. Kwa hiyo Mfaume alipomletea habari za wageni, hakuona wageni. Aliona Mwalimu, mtu msomi, amesimama mbele ya mtaa mzima na kile kipaza sauti chake cha mkono, akitangaza kwamba hili ni Jumba la Mwinyimvua na huyu hapa ni damu yake. Likishasemwa hadharani namna hiyo, nani tena angelifuta?

Akakubali. Tena akasema yeye hataonyesha vikombe vya kaure kama wengine. Yeye ataonyesha mila.

Mila zenyewe zilikuwa hizi. Watu wa Jumba, na wao peke yao, walipopita mbele ya baraza la nyumba yao walivua viatu wakavishika mkononi, na wanawake wakateremsha kanga kutoka kichwani. Mlango wa mbele hawakuutumia. Waliingilia uani, wakatokea uani. Na kila Idi, kabla mtu hajatia tonge kinywani, ilipakuliwa sahani ya kwanza, ile ya kaure yenye maua ya buluu, ikafunikwa kawa, ikapelekwa sebuleni pamoja na birika la maji na bakuli la kunawia. Siku hiyo mlango wa mbele hufunguliwa. Mpeleka sahani huenda pekupeku, kichwa wazi, hupiga magoti penye mkeka, huiweka na kusema, "Bwana, chakula." Kisha hurudi kinyumenyume. Chakula hubaki pale mpaka alasiri, ndipo huletwa uani wakagawiwa watoto. Bibi Faida ndiye aliyewafundisha, na alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko sala. Mwanabibi alipomuuliza utotoni kwa nini wafanye hivyo na majirani hawafanyi, bibi alimwambia ndiyo heshima ya nyumba hii. Mwanabibi akaelewa kwamba nyumba nyingine hazina heshima.

Asubuhi ya Idi pili waligombana yeye na bintiye. Rukaya alikuwa anasuka nywele za watu kwenye saluni huko Temeke, na alikuja sikukuu na viatu vyekundu vya kisigino. Hakutaka kuvivua kwenye vumbi.

Akasema hata shekhe anapita hapo na makubazi yake, mbona hakuna anayemwambia kitu.

"Shekhe si wa nyumba hii," Mwanabibi akamjibu. "Siye tuna mila yetu. Mwenye kwao anajulikana."

Rukaya akavua, akanuna, akakaa uani na viatu mapajani. Mwanabibi akarudi kwenye jiko akiwa na furaha tele. Sahani ya Idi ilikwishapelekwa jana yake kama desturi, lakini leo angeirudia kwa ajili ya wageni, na alitaka iwe bora kuliko ya jana. Alipika wali wa nazi wa mchele wake mwenyewe, akachinja jogoo, akapanga vipande vya mkate wa kumimina pembeni.

Basi dogo la kwanza kati ya mawili lilifika jua limeshapanda. Walishuka watu wa mjini wenye kamera, wanandoa wapya, mama mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba za watu. Wa mwisho kushuka alikuwa bibi kizee mwenye buibui lililopauka na fimbo, aliyejiita Maimuna. Mfaume alisimulia baadaye kwamba kule kwenye nyumba za mwanzo bibi huyo hakushughulika na chochote. Walionyeshwa mlango uliochongwa na fundi wa Kilwa, akatazama kando. Wakaonyeshwa kisima cha ndani kwa Bi Tatu, akaomba kiti. Ila walipokata kona na Jumba la Boriti likatokea, bibi akampita kila mtu na fimbo yake, akaja akasimama mbele kabisa.

Mtaa mzima ulikuwa umejaa pale. Mwalimu akainua kipaza sauti akaanza, na akasema yote kama Mwanabibi alivyokuwa akiyaota. Akasema Mwinyimvua. Akasema boriti na Arabuni. Akasema ukoo huu haujawahi kuiacha nyumba yake, na mila zake zimehifadhiwa kuliko mahali pengine popote alipopita yeye. Mwanabibi alikuwa amesimama ndani, nyuma ya pazia la ukumbini, sahani mikononi, na moyo wake ulikuwa umejaa mpaka juu. Akateremsha kanga ikamkaa mabegani. Akatokea sebuleni pekupeku, mlango wa mbele uko wazi na nyuso zote zinamtazama, akapiga magoti, akaweka sahani, akafunua kawa.

"Bwana, chakula," akasema.

Kamera zikalia. Alikuwa ndio kwanza anaanza kurudi kinyumenyume alipoona kivuli mlangoni. Yule bibi kizee alikuwa amepanda baraza. Aliingia na viatu vyake miguuni, akapita mkekani navyo, akaketi mbele ya sahani taratibu akiwa ameshika ukuta, akanyoosha mikono yake miwili juu ya bakuli.

Aliinyoosha tu mikono, akangoja.

Mwanabibi alitaka kumwambia kwamba chakula hiki hakiliwi mpaka alasiri, kwamba sebule hii hawaingii wageni na viatu, kwamba huu si ustaarabu. Maneno yote hayo yalikuwepo. Lakini alipojitazama alikuwa keshapiga magoti tena, birika liko mkononi, na maji yanamiminika juu ya vidole vya yule bibi. Hakujua ni saa ngapi alilishika. Bibi akanawa, akasema Bismillahi, akala tonge la kwanza akiwa amefumba macho. Akala la pili. Nje watu walidhani ni sehemu ya maonyesho, wengine wakapiga makofi.

"Nani aliwafundisha kusema hivyo?" bibi akauliza.

"Bibi yangu. Bibi Faida."

Tonge likabaki njiani. Bibi kizee akalirudisha kwenye sahani, akamtazama Mwanabibi kichwani palipokuwa wazi, akamtazama miguuni.

"Faida," akasema. "Faida wa jikoni. Basi ni kweli."

Akaanza kusimulia, si kwa nguvu, lakini palikuwa na ukimya na mlango ulikuwa wazi, kila aliyekuwa barazani alisikia. Mwinyimvua alikuwa babu yake yeye, mzaa baba. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipofika Rufiji, babu alipakia wake zake na watoto mashuani usiku, wakashuka mto, wakakimbilia Mafia. Hakurudi, alifia Kilindoni. Yeye Maimuna alizaliwa huko, na bibi yake, aliyekuwa mke wa babu huyo, alimlea kwa hadithi za Kibiti. Alimwambia kwetu kulikuwa na jumba la boriti. Alimwambia vijakazi wetu hawakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa wakipita barazani, na mlango wa mbele haukuwa wao. Alimwambia babu alipoondoka alimwacha kijakazi mmoja, Faida, akamwagiza ailinde nyumba na kila Idi ampikie sahani yake kama kawaida, mpaka atakaporudi.

"Miaka yote nilidhani bibi alikuwa anajikweza," akasema Bi Maimuna. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mtu wa kukodi chumba, anasimulia majumba. Kumbe mpaka leo mnapika. Mungu awalipe, mwanangu. Mmetutunzia vizuri sana."

Hakuyasema kwa kejeli. Laiti angeyasema kwa kejeli. Aliyasema kwa upole wa mtu aliyerudi safari akakuta mtumishi hakuiba kitu, na upole huo ndio uliomchoma Mwanabibi kuliko tusi lolote. Alikuwa bado yuko magotini, kichwa wazi mbele ya wanaume wa mtaa mzima, ameshika birika. Akayaona maisha yake yote kwa mara moja, na hakuna hata siku moja ndani yake iliyobaki kama alivyoijua. Kila alipovua viatu akijiona bora kuliko majirani. Kila alipompiga Rukaya alipokuwa mdogo kwa kusahau kuvua. Mahari ya Rukaya aliyoikataa kwa sababu mchumba alikuwa wa familia isiyo na kwao. Akamtafuta Mwalimu kwa macho, aseme kwamba si hivyo, kwamba vitabu vinasema vingine. Mwalimu alikuwa ameshusha kipaza sauti na anaangalia chini, na Mwanabibi akajua kwamba Mwalimu ameshayaona yote, viatu, kichwa, uani, na anashangaa alikuwaje kipofu.

Mfaume aliingia mbio kwa mlango wa uani. Jasho lilikuwa linamtoka. Akachuchumaa karibu na dada yake akamnong'oneza kwamba akae kimya, asiseme lolote, yeye atayamaliza. Halafu akamgeukia mgeni, akacheka kicheko kikavu, akasema bibi labda amechanganya, Bibi Faida alikuwa binti wa Mwinyimvua kwa mke mdogo, basi wao na yeye ni ndugu wa damu.

Bi Maimuna alimtazama kwa huruma. Akafuta vidole kwenye ukingo wa sahani.

"Sawa, baba," akasema. "Mkisema ni babu yenu, sina ugomvi, mimi sitaki kumvua mtu nguo mbele za watu. Tutakuwa ndugu. Ila ndugu hugawana. Nina wanangu na wapwa zangu, na viwanja vya huku nasikia vimepata bei. Tutakaa mbele ya shekhe, nyumba iuzwe, kila mtu apate lake."

"Na tukisema si babu yetu?" akauliza Mwanabibi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alipotaja jina la bibi yake.

"Kama si babu yenu, mwanangu, basi mumo humu kwa haki ya nani?"

Mfaume akambana dada yake mkono. Macho yake yalikuwa yanamsihi. Mwanabibi alimwelewa sana. Nusu ya nyumba si haba, na mtaani wangebaki wana wa Jumba, kwa jina tu. Hakuna ambaye angesema mbele yao lile neno la kijakazi. Pembeni ya baraza alimwona Bi Tatu, jirani yake wa siku zote, aliyekuwa akionyeshana naye ubwana tangu wakiwa wasichana, amefunika mdomo kwa kanga. Akajua kwamba akikubali kuwa ndugu, Bi Tatu angenyamaza kwa adabu. Asipokubali, jioni hiyo hiyo habari ingekuwa imefika mpaka kijiji cha Mahege.

Ndipo akamkumbuka bibi yake, si Bibi Faida mkali wa mila, bali Bibi Faida wa mwisho, aliyekuwa mgonjwa, akili inaingia na kutoka. Usiku wa masika alikuwa anaamka akilia kitoto kabisa. Alikuwa akisema mashua inaondoka. Alikuwa akisema nami nimo, nami nimo, nisubirini. Mwanabibi alikuwa anamfunika, anamwambia hakuna mashua hapa bibi, hapa nchi kavu, lala. Miaka yote alidhani ni homa.

Akahesabu umri wa bibi yake kurudi nyuma mpaka vita vile. Alikuwa msichana. Walimwacha msichana peke yake ndani ya nyumba, askari wa pande mbili wanakuja, wakamwachia kazi ya kupika wali.

Mwanabibi akaweka birika chini. Akainua kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa, akaikaza vizuri kama anayekwenda msibani. Akasimama. Akaenda mpaka kizingiti cha mlango wa mbele, pale ambapo hakuwahi kusimama tangu azaliwe, akawatazama watu wa mtaa wake.

"Jirani zangu, mmesikia," akasema. "Ni kweli. Mwinyimvua si babu yetu. Bibi yetu ni Faida, na Faida alikuwa mjakazi humu ndani. Aliachwa. Wenyewe walipanda mashua, yeye wakamwambia abaki alinde milango."

Mfaume alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

"Hakurudi mtu," Mwanabibi akaendelea. Sasa sauti ilikuwa imempanda na hakuwa na habari nayo. "Vita vilikwisha, hakurudi mtu. Mafuriko yalibomoa ukuta wa nyuma, bibi akaukandika na mimba tumboni. Paa liliungua, baba yangu akaliezeka, alianguka kutoka juu ya paa hilo hilo, tukamzika. Mimi nimelitia chokaa kila mwaka kwa mikono hii. Na kila Idi tulimpikia. Mchele wetu, kuku wetu, watoto wanatazama wana njaa."

Akamgeukia Bi Maimuna. Hapo akapunguza sauti, kwa sababu yule alikuwa mtu mzima, na Mwanabibi hakulelewa kutukana watu wazima.

"Bibi, umeuliza tumo humu kwa haki ya nani. Babu yako aliagiza nyumba ilindwe na apikiwe mpaka atakaporudi. Tumelinda. Tumepika. Leo wewe, damu yake, umerudi, umeketi mahali pake, nimekunawisha, umekula. Agizo limekwisha. Waliobaki humu sasa ni mwenye nyumba na mgeni wake. Karibu, malizia chakula. Ukishiba nitakusindikiza mpaka garini."

Bi Maimuna alikaa akiitazama sahani, na wali ulikuwa bado nusu. Uso wake ulikuwa umebadilika, upole ule wa mwenye mali ulikuwa umemtoka, akabaki kizee aliyechoka safari. Akauliza, karibu kwa kunong'ona, Faida alikuwa na umri gani walipomwacha.

"Hakuwa amevunja ungo," Mwanabibi akamwambia.

Kizee akaweka kiganja kwenye paji la uso. Bibi yake hakuwahi kumwambia hilo, akasema. Alimwambia Faida, akamwambia jikoni, lakini umri hakuwahi kumwambia, naye alikuwa akimwona kichwani mwake mwanamke mzima, mnene, mwenye kitambaa cha jikoni. Akaomba asaidiwe kusimama. Hakugusa chakula tena. Hakusema kama atakwenda kwa shekhe wala kama hatakwenda, na Mwanabibi hakumuuliza, maana alikuwa ameshasema lake na hakuwa na jingine.

Sasa palibaki kumsindikiza, na hapo ndipo Mwanabibi alipokwama. Kandambili zake zilikuwa uani. Alitazama baraza lililokuwa mbele yake, kisha akatazama miguu yake iliyokuwa wazi, na mguu ukakataa kunyanyuka. Alikwishasema maneno yote yale mbele ya watu, na bado mguu ulikuwa unakataa. Machozi ya hasira yakamjaa. Alijiona amepooza.

Rukaya akatokea ubavuni mwake. Alikuwa ameyasikia yote kutoka ukumbini, uso wake umevimba kwa kulia. Akainama, akaweka vile viatu vyekundu vya kisigino juu ya kizingiti, kimoja kando ya kingine.

Mwanabibi akavivaa. Vilikuwa vidogo, vikambana vidole, na hakuwa amewahi kuvaa kisigino maishani mwake. Akamshika Bi Maimuna mkono, haikujulikana nani anamsaidia nani, wakavuka baraza pamoja. Ko, ko, ko, visigino vikalia kwenye sakafu ya chokaa. Watu wakapisha njia. Mfaume alikuwa ameketi chini kwenye ngazi amejishika kichwa, akamwambia dada yake umetumaliza, na Mwanabibi akampita. Walipofika usawa wa Bi Tatu, yule jirani akaondoa kanga mdomoni. Mwanabibi alijiandaa kwa lolote. Bi Tatu akamwamkia tu, kwa jina lake, Mwanabibi, bila lile la mwana wa Jumba. Likamchoma na likampa nafuu kwa pamoja.

Alimfikisha mgeni garini, akampandisha, wakaagana kwa mkono. Alipogeuka, Mwalimu Agapiti alikuwa anamfuata, ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kitu cha aibu. Akaanza kuomba radhi, lugha ya shule ikamkimbia, akarudia rudia. Mwanabibi akamkatiza. Alitaka kujua kama lile basi la pili, lililokuwa likisubiri kule kituoni, bado litakuja.

Mwalimu akasema litakuja, ila anaweza kulirudisha, au kuwapitisha wageni nyumba nyingine tu. Hakuna atakayelazimishwa.

"Walete," akasema Mwanabibi.

"Sasa niwaambie ni nyumba ya nani, mama?"

Akamwambia.

Kisha akarudi kwenye Jumba, akapanda ngazi ya mbele na viatu miguuni, akaketi barazani. Hakujua namna ya kukaa pale. Alikunja miguu, akainyoosha, akaikunja tena. Basi la pili likaingia mtaani, wageni wakashuka wakicheka na kamera zao, na Mwalimu akasimama mbele yao akasafisha koo.

"Hii," akasema kwenye kipaza sauti, "ni nyumba ya Bibi Faida, aliyekuwa mjakazi."

Lilikuwa jina ambalo kabla ya siku hiyo halikuwahi kutangazwa kwenye baraza lile, baraza ambalo mwenyewe hakuruhusiwa kulikanyaga akiwa na viatu. Likapita juu ya vichwa vya watu, likagonga ukuta wa nyumba ya pili, likarudi. Mwanabibi alishtuka kulisikia, akashtuka kama alivyoshtuka kwa yote ya siku hiyo, na ndipo alipolia.